Kiti cha Kushoto

Gisenyi, 9 Novemba 1997

Kwako Kaka Kalisa,

Salamu za nyumba nzima zimo humu, zichukue kabla hujafika kwenye shida zangu. Mume wangu Védaste hajambo, bado anafundisha Mahoko. Ineza hajambo, ameng'oka jino la mbele na anajiona mtu mzima. Barua anakuletea Ndayisaba, yule dereva mrefu wa lori la unga. Anapita Mwanza kila baada ya wiki mbili na gereji yako anaijua. Majibu mpe mkononi, usitie posta.

Kaka, Kikongwe amechoka. Unalikumbuka lile gari tulilonunua mwaka tuliorudi kutoka huko kwenu? Ukiliamsha asubuhi linakubali, linapita Rugerero vizuri, tukifika kwenye mlima baada ya Nyundo linakata roho. Tunakaa hapo mpaka lipoe, ndipo likubali tena. Nami ni muuguzi, natakiwa kituo cha afya Mahoko kila asubuhi na sanduku la chanjo. Fundi wetu Hitimana, mtu aliyekulia Goma, ameshafungua kila kinachofunguka. Juzi alifunga boneti, akafuta mikono, akaniambia, "Mama, hii motokari iko na ugonjwa ya uzee. Mi sina dawa."

Basi nitafutie lingine huko. Lisiwe jipya, uwezo huo hatuna, tumeuza fahali wa Védaste aliyekuwa Mudende na akiba yote imo. Nataka gari linalowaka mara ya kwanza. Lipande mlima bila kuzimika, na likizimwa mlimani liwake tena mara ya kwanza. Rangi yoyote. Redio sitaki. Lakini liwake mara ya kwanza, Kaka.

Usiniulize haraka ya nini. Ni aibu tu, muuguzi mzima na gauni jeupe nasukuma gari, watu wa Mahoko wananicheka.

Ni mimi mdogo wako,
Epiphanie


Mwanza, 24 Novemba 1997

Mdogo wangu Epiphanie,

Wewe uliyesusa baiskeli ya marehemu baba kule Karagwe kwa sababu ni ya kijani, leo unaniambia rangi yoyote? Barua yako nimeisoma mara mbili na nimehesabu. Umeandika "mara ya kwanza" mara tatu. Kuna jambo hapo, nitalirudia.

Kwanza Kikongwe. Hiyo inaonekana petroli inachemka kwenye pampu kabla haijafika kwenye kabureta. Funga kitambaa kibichi kwenye pampu kila asubuhi, na chupa ya maji uwe nayo. Haiponyi, inasogeza siku tu.

Sasa gari. La mkononi mimi nalikagua asubuhi na mapema, bila kumwambia mwenyewe nakuja saa ngapi. Nikigusa boneti nikakuta ina joto, naondoka, maana ameliwasha kabla sijafika na kuna kitu hataki nikisikie. Injini iwe baridi. Nachomoa stiki ya oili nanusa. Natia kidole kwenye bomba la moshi. Natazama mpira wa klachi: mtu aniambie limetembea kilomita elfu arobaini na mpira umelika mpaka chuma kinang'aa? Namuaga, naenda zangu. Nainua zulia, kwa sababu gari lililowahi kuzama linanuka tope hata ulipulizie marashi ya Unguja. Kila fundi anajua haya, ila wengi wanaona uvivu kuinama.

Nimekagua kumi na moja na yamebaki mawili. La kwanza ni la mwalimu mmoja wa Nyegezi, alilipata kwa padri aliyetoka Bujumbura. Usukani kushoto kama magari yote ya huko kwenu. Rangi imebabuka, starta inasitasita, oili inakula kidogo. Mwalimu mwenyewe alinitajia ubovu wote kabla sijauliza. La pili lilishuka melini Dar mwaka jana, la mfanyabiashara wa samaki. Injini yake ni ya kukaa nayo ukaisikiliza. Linawaka hata hujamaliza kugeuza ufunguo. Lakini usukani kulia, na huko mnapita kulia. Ukitaka kulipita lori huoni mbele mpaka nusu ya gari iko upande wa wenzako.

Mimi nisingesita, ningekupa la mwalimu, nikabadilisha starta na ringi za pistoni. Lakini kwanza niambie ukweli. Haraka ya nini?

Kaka yako,
Kalisa


Gisenyi, 14 Desemba 1997

Kaka,

Umenishika. Haya sikutaka kukuandikia kwa sababu ukishayajua hutalala, na hakuna la kufanya ukiwa huko.

Barabara ya kutoka Rugerero mpaka Mahoko imeharibika. Lami ni nzima. Kuna watu wanaoshuka kutoka milimani. Hapa hakuna anayewataja kwa jina, tunasema "wale" na msikilizaji anaelewa. Wanajificha kwenye mahindi juu ya barabara. Hawana habari ya kukusimamisha. Wanampiga dereva risasi, gari linaingia mtaroni lenyewe, kisha wanashuka na mapanga kuwamalizia waliobaki. Kwa hiyo kila mtu anakimbiza gari, hakuna anayesimama hata akigonga mbuzi. Na mimi nina gari linalosimama lenyewe.

Tarehe 2 lilizimika kwenye kona ya tatu baada ya Nyundo, mahindi pande zote. Nilikuwa na Védaste pembeni yangu na mkunga wetu Murekatete nyuma, ameshika sanduku la chanjo. Védaste alishuka akaimwagia pampu maji. Murekatete akaanza rozari kwa sauti ndogo, nikamkatiza kwa ukali, nilitaka kusikiliza mahindi. Dakika ishirini na mbili, Kaka. Saa nilikuwa naitazama. Juu ya barabara ng'ombe akakohoa, nami nikajikojolea. Hayo nakuambia wewe peke yako. Nilifika kazini nikawaambia maji ya chupa yamenimwagikia.

Naogopa. Asubuhi kabla ya kuwasha gari nahesabu kona zote mpaka Mahoko.

Usiniambie nihame. Tumezaliwa ukimbizini mimi na wewe, Védaste naye kazaliwa Masisi ng'ambo ya mpaka, sasa tuna nyumba yetu na Ineza ana shule. Wiki iliyopita wanawake wanne wamejifungua kwetu Mahoko, na Murekatete hawezi kuwa peke yake. Kuhamia hukohuko Mahoko ni kubaya zaidi, wale huingia wakitaka. Wala usiniambie Védaste aendeshe yeye. Mkono wake wa kulia tangu uvunjwe Masisi hauna kiwiko cha kukunja, hata ubaoni anaandika kwa kushoto.

Nitumie la mwalimu. Usukani kushoto nimeuzoea na malori ya viazi ni mengi, lazima nione mbele. Weka starta mpya. Fanya upesi, tafadhali.

Epiphanie


Gisenyi, 15 Desemba 1997

Muramu wangu, shemeji Kalisa,

Unisamehe kukuandikia nyuma ya mugongo ya dada yako. Kiswahili yangu ni ya Masisi, utacheka, lakini maliza kwanza barua. Ndayisaba iko na barua mbili. Ya Epiphanie iko mu mufuko ya mbele, hii yangu iko mu mufuko ya ndani. Epiphanie hajui.

Bon. We ulisema iko motokari mbili. Yeye anataka ile ya mwalimu, volant, usukani, kushoto. Mi naomba utume ile ingine, volant kuume.

Nikuambie juu ya nini. Kila motokari yenye inapigwaka masasi, ile munaita risasi, mu ile barabara, wanaivuta mpaka kwa Hitimana. Mi ninapitaka pale kila siku kisha masomo. Nimeangalia tano. Zote tano, masasi iliingia fasi moja: kioo ya mbele, kushoto, kimo ya kifua. Mu moja, mutu mwenye alikaa kuume alikuwa na kitunga ya mayai ku magoti, na hata yai moja haikupasuka. Wanapiga chauffeur, dereva, tu. Hawana wakati ya kuangalia, wanajua chauffeur anakaaka kushoto, juu mu Rwanda yote ni vile.

Donc mutu wa kushoto ni muke yangu. Kila asubuhi, kila jioni. Na mi niko kuume na mayai yangu.

Siwezi kumuondosha ku volant. Nilijaribu mu kiwanja ya masomo, mukono hii ilikataa, niliangusha muti ya bendera na batoto wakaona. Lakini naweza kuomba volant iende upande ingine. Yeye alijifunza kwenu Tanzania, kuume anaijua. Ataendesha kuume, mi nitakaa kushoto.

Utauliza: kwa nini usiache kiti tupu? Wakikosa kichwa kushoto wataitafuta kuume. Utauliza: gunia ya viazi na kofia? Muramu, mu barière ya barabara basoda, askari, wanaomba kila kichwa kitambulisho. Gunia yenye kofia itatufungisha sisi wote. Lazima iwe mutu.

Usimuambie. Akijua atakataa, we unamujua kunishinda. Usifikiri niko na roho ya basoda. Mi pia ninaogopa. Lakini kukaa kuume na kungojea yeye apigwe, ile woga siiwezi tena.

Védaste


Mwanza, 2 Januari 1998

Shemeji Védaste,

Barua yako nimeificha chini ya kisanduku cha spana na kila siku naitoa. Nimetafuta njia nyingine. Nilifikiri nikufungie chuma kizito mlangoni na mbele, nikamuuliza mwanajeshi mmoja mstaafu anayeleta pikipiki yake hapa. Akacheka. Chuma ambacho gari dogo linaweza kubeba, risasi ya wale inapita.

Unaniomba niweke mtu pale na unanipa jina lake. Ungekuwa umemwandikia mtu mwingine yeyote angekukatalia. Umeniandikia mimi kwa sababu unajua yule ni dada yangu, tumebaki wawili, na ukiniambia nichague nani akae kushoto mkono wangu utaelekea wapi. Naona aibu kwamba umelijua hilo. Naona aibu zaidi kwamba ni kweli.

Nalituma la kulia. Yeye nimemwandikia uongo, usije ukaukanusha. Nakuomba kitu kimoja tu, inama. Mkipita Nyundo, jikunje kitini kadiri unavyoweza.

Kalisa


Mwanza, 2 Januari 1998

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. La mwalimu tumelikosa. Amemuuzia mtu wa Shinyanga siku ileile niliyokwenda na pesa, nikarudi mikono mitupu na hasira zangu. Nimekuchukulia lile la mfanyabiashara wa samaki. Najua ulitaka kushoto. Lakini hili nimelipandisha mlima wa Bugando mara kumi na tano na mawe ya kilo mia mbili nyuma, nikalizima katikati ya mlima, nikaliwasha. Mara ya kwanza, zote kumi na tano. Likitoa harufu ya sangara siku za jua kali usinilaumu, nimeliosha mara nne.

Analileta Ndayisaba kupitia mpaka wa Rusumo, lori lake ataliacha kwa mwenzake Kigali. Kutoka Kigali atakuja kwenye msafara wenye ulinzi. Wewe usukani wa kulia uliujua kabla hujajua kupika, utaukumbuka. Ukitaka kupita lori, mwambie Védaste akutazamie. Yeye atakuwa anaona vizuri kutoka kushoto.

Kaka yako anayekuombea,
Kalisa


Gisenyi, 26 Januari 1998

Kaka yangu kipenzi,

Limefika! Jeupe kama gauni langu la kazi. Wiki nzima sasa naliendesha na halijakohoa hata mara moja. Mlima wa Nyundo linaupanda na gia ya tatu. Hitimana alifungua boneti, akaniuliza kama una mdogo wako wa kike ambaye hajaolewa. Nikamwambia mdogo wako ni mimi na nimeshaolewa.

Sisemi sasa siogopi. Naogopa vilevile nikiyaona mahindi. Lakini woga wa gari umeondoka, nimebakiwa na woga wa watu tu, na kona sizihesabu tena.

Kulia hakunisumbui. Siku mbili za kwanza nilikuwa naingia mlango wa abiria nakaa, nakuta usukani haupo. Védaste ndiye macho yangu. Anaegemea dirishani, anasema ngoja, ngoja, pita. Mimi napita bila kuona kitu, namwamini yeye. Hatujawahi kuwa na kazi ya kufanya pamoja namna hii tangu tuoane, na nikuambie ukweli, naipenda.

Ngoja nikuchekeshe. Kizuizini askari wanamwendea yeye wanamtaka leseni, kwa sababu amekaa mahali pa dereva. Siku ya kwanza alibabaika. Siku ya pili akaja na kofia kutoka soko la Mahoko, ile ya bluu ya madereva wa malori, na miwani myeusi. Na anakaa wima kabisa, kifua mbele, wima kuliko anavyokaa kanisani. Nikamwambia, mume wangu, umepata kazi ya udereva bila usukani. Murekatete alicheka mpaka akainama. Védaste hakucheka. Akarekebisha kofia, akasema twende.

Ndayisaba anasema hutaki kulipwa kazi yako. Nimekutumia jibini la huku, ulile.

Epiphanie


Mwanza, 9 Februari 1998

Shemeji Védaste,

Nilikuambia uiname. Dada yangu ananiandikia, anacheka, kwamba umenunua kofia ya dereva na unakaa wima.

Jibini lake nimeshindwa kulila. Nimeligawa gerejini. Kila lori linalotoka huko naliendea, namtazama Ndayisaba usoni kabla hajashuka. Ulipoandika kuhusu yule mtu wa mayai nilidhani nimekuelewa, nilidhani unataka kukaa tu mahali ambapo yeye hayupo. Kumbe unawaita. Unawaonyesha dereva.

Mimi nimefanya biashara ya magari miaka kumi na tisa na sijawahi kumuuzia mtu gari nikijua litafanya nini. Siwezi tena. Mwambie wewe mwenyewe. Mwambie kwa nini gari lina usukani kulia, na ni nani aliyeomba. Nakupa mpaka mwisho wa Februari. Usipomwambia, Machi namwandikia mimi, pamoja na barua yako, mayai yako na kila kitu. Kisha mkae mkiwa wawili mnaojua, muamue.

Nisamehe. Sikupaswa kukubali tangu mwanzo.

Kalisa


Gisenyi, 1 Machi 1998

Kaka,

Barua uliyomwandikia Védaste nimeifungua mimi. Ndayisaba alikuwa hataki kunipa, anasema ameagizwa ni ya mkononi mwake. Nikamwambia mikono yake yote miwili haifanyi kazi, nitamsomea. Kwa hiyo sasa unajua kuna jambo limetokea, tulia unisikilize. Yuko hai.

Ilikuwa tarehe 19, asubuhi, ukungu umeshaondoka. Murekatete nyuma na sanduku lake. Mbele yetu lori la viazi linapanda polepole. Védaste akaegemea, akasema ngoja, ngoja, pita. Nikapita. Tulipofika ile kona ya tatu kioo kikapasuka upande wake na kofia ikaniangukia magotini. Nilidhani ni jiwe, Kaka, nilidhani lori limerusha jiwe. Mguu wangu ukaenda kwenye breki. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyoniambia kila siku nifunge mlango wa jikoni, "Usisimame. Endesha."

Nikaendesha. Wale walikuwa wameshashuka ukingoni, watatu, wanangojea tuingie mtaroni. Nilipita nao karibu hata nikaona mmoja ana kikohozi, ameweka ngumi mdomoni. Walituangalia tu. Walikuwa wameshampiga dereva na gari linaendelea kwenda. Mmoja alirudi nyuma hatua mbili. Nadhani na wao waliogopa.

Injini haikusita. Nilijua amepigwa tulipofika sokoni Mahoko, nilipomgeukia kumpa kofia yake.

Risasi imepita bega la kushoto. Murekatete ndiye aliyeziba, mimi mikono ilikataa, muuguzi wa miaka kumi na miwili. Sasa yuko hospitali ya hapa mjini. Wanasema mkono hautainuka tena kufika kichwani. Ule ndio mkono wake wa ubaoni.

Barua yako nilianza kuisoma nje ya wodi, nimesimama, ili nione kama ina habari mbaya kabla sijamsomea. Nilipofika pale pa "kumbe unawaita" nikakaa chini sakafuni, watu wakanipita. Jioni nilimwambia umemwandikia salamu tu na pole ya kazi. Ndayisaba nikamkalia kooni mpaka akaniambia kuhusu mfuko wa ndani.

Siku tano nimetembea na hasira zenu. Nilitaka kukutukana tusi ambalo lingemfufua mama. Mlikaa wawili mkapanga nani afe badala yangu, na mimi huku nawachekesha, nawaandikia habari za kofia! Yeye simtukani, nikiingia wodini namtazama bega, namtengenezea mto. Wewe nakutukana. Kisha najiuliza, kama ningekuwa mimi ndiye mwenye mkono mbovu na yeye ndiye dereva, ningefanya nini? Jibu nalijua na linanikasirisha zaidi.

Yeye hajui kwamba najua. Jana ameniuliza kama Hitimana ameshaweka kioo. Anataka kurudi kazini baada ya Pasaka, anasema atafundisha kwa mdomo. Ameniuliza pia kama kofia ilipatikana. Nimemwambia nimeifua.

Sasa nisikilize. Gari la mwalimu wa Nyegezi halijauzwa. Ndayisaba anasema analiona kila akipita, limeegeshwa mbele ya gereji yako, na umeshalifungia starta mpya. Sijui ulikuwa unalitunzia nani, labda ulikuwa unanitunzia mimi. Nitumie hilo. Hili jeupe lichukue. Mwandikie Védaste kwamba mwenye samaki amelidai, au kuna ubovu umegundua, sema utakalo, umeshaonyesha kwamba kudanganya unajua. Linawaka mara ya kwanza, sijawahi kupata gari zuri kuliko hili, na siwezi kuliendesha tena hata mpaka Rugerero na yeye amekaa pale. Nimelijaribu juzi peke yangu. Nilikuwa nakitazama kile kiti badala ya barabara.

Katika la mwalimu atakaa kulia na hayo mayai uliyomwandikia. Hawezi kunitoa kwenye usukani, mikono hana.

Naogopa kuliko Desemba, usidhani nimekuwa shujaa. Nimeanza tena kuhesabu kona. Nikiacha kazi, Murekatete atapanda peke yake kwa miguu, ameshaniambia, kwa hiyo siachi. Ila nikikaa kushoto nitakuwa naogopa kitu kimoja, na hicho nakiweza.

Yeye alikuomba usiniambie, ukakubali. Mimi nakuomba usimwambie, na mimi pia utanikubalia. Lipite Rusumo kabla ya Pasaka.

Kofia nimeifua kweli. Damu imetoka yote. Nitaivaa mimi.

Mdogo wako,
Epiphanie